Gunia kwa Ekari si Kipimo cha Akili

Kuna kauli moja imenichosha. Naisikia redioni, kwenye makongamano ya vijana, na kwa yule mjomba wa Nairobi aliyenunua ekari 2 juzi na sasa ni mtaalamu: "Mkulima mdogo hana ufanisi." Ushahidi wake huwa namba moja tu, gunia kwa ekari. Wastani wa Kenya ni kama tani 1.5 hadi 2 za mahindi kwa hekta, yaani gunia 7 hadi 9 za kilo 90 kwa ekari. Halafu anatajwa mtu wa Kitale anayepata 30, na hukumu inatoka: watu wa ushago hawajui kulima.

Mimi nasema kibovu ni kipimo. Gunia kwa ekari linapima ardhi. Halipimi pesa iliyoingia shambani, wala migongo iliyoinama, wala hatari.

Hebu tupige hesabu ya mfano. Mama A anaweka shilingi 40,000 kwenye ekari moja: trekta, mbegu chotara, mbolea ya kupandia na ya kukuzia, dawa ya viwavijeshi, vibarua. Anavuna gunia 20. Mama B anaweka 12,000, anavuna 10. Gunia likiuzwa 3,000, A anabaki na faida ya 20,000, B 18,000. Kila shilingi ya A imerudi na 1.50. Ya B imerudi na 2.50.

Sasa mvua ikatike mahindi yakiwa yanatoa maua, mavuno yashuke nusu. A amepoteza 10,000. B bado ana 3,000 mkononi. Na kama zile 40,000 zilikuwa mkopo wa chama? Mjomba atamwita B mzembe. Mimi namwita mhasibu.

Wala hili si geni. Mwaka 1964, mwanauchumi wa Marekani Theodore Schultz alitoa kitabu, Transforming Traditional Agriculture, akisema wakulima maskini hutumia vizuri kile kidogo walicho nacho; shida ni kukosa nyenzo mpya zinazolipa. Mwaka huohuo mbegu chotara H611 ilitoka Kitale, na wakulima wadogo wa magharibi mwa nchi waliichangamkia haraka. Kwa nini? Ililipa. Hawakuhitaji mtu wa kuwabadilisha fikra.

Na msiniambie ukubwa ndio dawa. Galana-Kulalu tulipewa shamba la mfano la ekari 10,000, maji ya kumwagilia, mitambo, wakandarasi kutoka Israeli, mabilioni ya walipa kodi. Kufikia 2019 mkandarasi alishaondoka, na kazi haijakamilika. Sijawahi kusikia semina ya ufanisi ikiandaliwa kwa waliotia sahihi ule mkataba. Semina ni za shosho.

Sisemi gunia 8 zinatosha. Hazitoshi, na njaa si utamaduni wa kulindwa. Ninachodai ni tupime vitu vinavyomhusu anayelima: kila shilingi ilirudisha ngapi, palizi mbili zilikula siku ngapi za watu (na mara nyingi watu hao ni wanawake wasiolipwa), na nyumba ilikula mahindi yake kwa miezi mingapi kabla ya kuanza kununua kwa gorogoro. Pima pia maharagwe yaliyopandwa katikati ya mistari. Kwenye hesabu ya gunia za mahindi, hayo hayapo kabisa, ilhali ndiyo mboga ya nyumba.

Ukipima hivyo, matengenezo yanabadilika. Udongo wa sehemu nyingi za North Rift na magharibi una asidi, na DAP ya kila msimu inaiongeza. Pengine anachohitaji mtu ni kupimiwa udongo na kuweka chokaa, si gunia lingine la mbolea. Mbolea ya ruzuku ikifika wakati mahindi yako magotini, huo ni uzembe wa ofisi. Mwaka 2024 mbolea bandia ilipatikana ndani ya mpango wenyewe wa ruzuku; mavuno yakianguka hapo, tumhesabie nani? Na anayeuza Desemba bei ikiwa chini kwa sababu ya karo ya Januari, kisha anunue mahindi Juni kwa bei ya juu, hajashindwa kulima. Amekosa pa kuhifadhi na pa kukopa.

Sisi wa mjini tunatuma pesa ya mbolea kwa simu, kisha Krismasi tunafika na lawama. Mwaka huu, kabla ya kuuliza "mlipata gunia ngapi?", uliza mbolea ilifika lini, nani alipalilia na alilipwa nini, na mahindi yaliuzwa wiki gani. Andika majibu. Halafu mpelekee mjomba.