Bima ya Afya Imfuate Mvuvi Mwaloni

Mtumishi wa umma hukatwa mchango wa bima kabla hajaushika mshahara, wala hatambui ukubwa wa neema hiyo. Tangu mwaka 2001 yeye hutoa asilimia 3, na mwajiri huongeza 3. Siku akiacha kazi akanunua mtumbwi Ujiji, atagundua kwamba hana tena mwenzi wa kumchangia.

Mvuvi wa dagaa wa Kibirizi hana mwisho wa mwezi. Huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, kipato hukatika. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa mwaka 2018 ulitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka. Si fedha nyingi, lakini mwenye mapato ya msimu huweza kuzikosa siku anapodaiwa. Ndipo wengi wakangoja maradhi kwanza, kadi baadaye. Na mfuko wa wagonjwa watupu haudumu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka msingi, lakini sheria peke yake haitibu mtu. Mchango na ukusanywe mwaloni, kidogo kidogo, dagaa wanapouzwa, kwa kupitia ushirika wa wavuvi. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndugu walimu na watumishi, mnaoujua utaratibu huu, waelimisheni majirani. Wengi wa watoto wenu hawataajiriwa na Serikali. Riziki yao itatoka ziwani na shambani.