Ligi ya basketi ya wanawake Marekani inaelekea ekipi 18: mara hii itashikilia?

Mwezi wa sita mwaka 2025, wakubwa wa WNBA, ligi ya basketi ya wanawake wa kulipwa huko Marekani, walitangaza kama miji tatu itapewa ekipi: Cleveland mwaka 2028, Detroit mwaka 2029 na Philadelphia mwaka 2030. Golden State, ekipi ya upande wa San Francisco, ilikuwa imekwisha kuanza kucheza mwaka ule ule. Toronto ya Kanada na Portland nazo zilikuwa zimekwisha kupewa nafasi ya kuingia mwaka 2026. Ukipiga hesabu, ligi ambayo ilibaki na ekipi 12 tangu 2010 mpaka 2024 itafika ekipi 18.

Kwa mtu wa Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira, hii inaweza kuonekana habari ya mbali sana. Lakini katika kartié zetu kuna wasichana wanaotoka na mupira kila jioni, na kuna wazazi wanaojiuliza: huu muchezo uko na kesho, ao ni kupoteza wakati? Ili kujibu, lazima kwanza kujua kama ile nyumba kubwa inayojengwa Marekani iko na msingi. Kwa sababu ilikwisha kujengwa mara moja, na ikabomoka.

Ilipanuka mbio, ikaanguka

Mechi ya kwanza ya WNBA ilichezwa Los Angeles tarehe 21 mwezi wa sita 1997. Ekipi zilikuwa 8. Mwaka 2000 zilikuwa zimefika 16, ni kusema mara mbili kwa miaka tatu tu. Kisha milango ikaanza kufungwa. Miami na Portland zilikufa baada ya msimu wa 2002, Cleveland ikafuata baada ya msimu wa 2003, Charlotte baada ya ule wa 2006. Houston, iliyokuwa imebeba makombe manne ya kwanza mfululizo, ilifungwa mwaka 2008. Sacramento ikafungwa mwaka 2009. Detroit, bingwa mara tatu, ilihamishwa kupelekwa Tulsa.

Kuna binti wa Congo aliyepitia ile historia tangu mwanzo. Mwadi Mabika, muzaliwa wa Kinshasa, alicheza michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 na ekipi ya inchi yetu, wakati ule ikiitwa bado Zaire. Mwaka 1997 akaanza na Los Angeles Sparks, katika msimu wa kwanza kabisa wa ligi. Akabeba kombe mwaka 2001 na 2002. Mwaka 2008 akahamia Houston. Kumbe ule ndio ulikuwa msimu wa mwisho wa ile ekipi.

Tatizo lilikuwa wapi? Mpaka mwaka 2002, ekipi zote zilikuwa mali ya NBA, ligi ya wanaume, na kila moja iliendeshwa na ekipi ya wanaume ya muji ule ule. Ilikuwa kama mama anayefanya biashara katika duka la bwana yake: siku bwana anachoka, duka linafungwa hata kama wateja wako mlangoni. NBA ilipoamua kuziachia ekipi zipate wenyewe wa kuzibeba, Miami na Portland hazikupata mtu. Lakini palepale mulango mwingine ulifunguka: mwaka 2003 Connecticut ikawa ekipi ya kwanza kuwa na mwenyewe asiye mtu wa NBA.

Nini imebadilika?

Kwanza ni feza ya televisheni. Mapatano ya miaka 11 yanayoanza msimu wa 2026 ni ya dola miliari 2,2, karibu dola milioni 200 kila mwaka. Ile ni feza inayojulikana mbele ya wakati, na mwenye ekipi anaweza kupanga hesabu yake juu yake.

Pili ni watu katika uwanja. Golden State, katika msimu wake wa kwanza, ilijaza uwanja wake wa watu 18.064 mechi kwa mechi. Tena ilifika katika mechi za mwisho za kutafuta bingwa. Hakuna ekipi mupya iliyowahi kufanya vile katika mwaka wake wa kwanza.

Tatu ni bei ya kuingia. Golden State ilikubaliwa mwaka 2023 kwa dola milioni 50. Portland, mwaka 2024, ilikubali kulipa milioni 75. Cleveland, Detroit na Philadelphia, kila moja milioni 250. Mutu hatoi feza ya namna ile kwa kitu anachofikiri kitakufa kesho. Na tuone vizuri: kati ya ekipi sita mupya, tatu zinarudi katika miji iliyowahi kupoteza ekipi yake, ni kusema Portland, Cleveland na Detroit.

Lakini hapa lazima tuwe na akili. Feza ya kuingia inalipwa mara moja, na inaenda kwa wale walio tayari ndani. Haiwezi kulisha ligi kila mwaka. Tena, mwamko mkubwa wa mwaka 2024 ulibebwa sana na jina la mchezaji mumoja, Caitlin Clark wa Indiana. Mwaka 2025 aliumia na akacheza mechi 13 tu. Indiana ilijikaza bila yeye mpaka nusu-fainali, na hiyo ni alama nzuri. Hata hivyo, ligi inayosimama juu ya magoti ya mutu mumoja bado haijasimama.

Wachezaji wanauliza sehemu yao

Swali kubwa zaidi ni mushahara. Mwaka 2025, mchezaji wa chini alipata dola 66.079 kwa msimu, na wa juu kabisa dola 249.244. Feza ya kuingiza ekipi moja ya Cleveland ingeweza kulipa ule mushahara wa juu mara elfu moja. Ndiyo sababu, mwezi wa kumi 2024, sendika ya wachezaji iliamua kukata kontra ya pamoja mbele ya wakati wake. Mwezi wa saba 2025, katika mechi ya nyota wote huko Indianapolis, walivaa mashati yaliyoandikwa maneno ya kudai walipwe kile wanachostahili. Ile kontra ilikuwa imepangwa kuisha tarehe 31 mwezi wa kumi 2025, na siku ile pande mbili hazikuwa zimepatana juu ya mupya.

Haya si maneno ya tamaa. Kwa miaka mingi, wengi wao walimaliza msimu Marekani na kuchukua ndege kwenda kucheza Uturuki, Urusi ao China ili kujaza kapu. Mutu asiyepumuzika anavunjika. Na ligi ikiongeza ekipi sita bila kulipa vizuri wale wanaocheza, itakuwa imeongeza kuta bila kuongeza msingi.

Kwa binti zetu inamaanisha nini?

Mwaka 2025, kila ekipi iliweza kubeba wachezaji 12. Ekipi 12 zilikuwa na nafasi 144, na ekipi 18 zitakuwa na 216, kama ile hesabu haitabadilika. Kwa dunia nzima, bado ni nafasi kidogo sana. Lakini Golden State ilionyesha kitu: wakati wa kujaza ekipi yake, ilichukua wachezaji wa Ufaransa, Italia na Uingereza. Ekipi mupya inatafuta mahali wengine hawakuangalia.

Kwetu, kipaji hakikosi. Ekipi ya wanawake ya Congo ilikwisha kubeba kombe la Afrika mara tatu, ya mwisho mwaka 1994. Kile kinachokosa ni njia katikati. BAL, ligi ya Afrika iliyoanza mwaka 2021, ni ya wanaume. Na njia inayopitiwa na wengi kufika WNBA ni bursi ya iniversite ya Marekani. Pale hawaangalii mikono tu. Wanaangalia diploma ya masomo ya segondere na Kiingereza.

Kwa hiyo muzazi asimunyanganye binti mupira, lakini asimuache pia aache daftari. Na wale wanaosimamia shampiona katika provensi zetu wachukue funzo la 1997: ekipi nyingi haraka haraka si maendeleo. Ekipi nne zinazocheza kila juma, katika kiwanja salama, mwalimu akilipwa na kalenda ikiheshimiwa, zinapita ekipi kumi na sita za kwenye karatasi.