Mti kibete si samani

Wadau, leo siasa naiweka pembeni. Nina ugomvi na neno moja tu: "kibete", kama linavyoandikwa kwenye lebo za miti huku Uingereza.

Nauzungumzia mepo wa Kijapani, ndugu wa ule mti ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada. Asili yake ni Japani na Korea. Mswidi Carl Peter Thunberg aliupa jina la kisayansi, Acer palmatum, mwaka 1784. Leo aina zake za bustanini zinazidi 1,000, na zile fupi ndizo zinazogombewa na wenye viwanja vidogo vya nyuma ya nyumba.

"Huu haukui," muuzaji mmoja aliniambia bila hata kupepesa macho. Uongo mtupu! Kibete maana yake unakua polepole, siyo kwamba siku moja utasimama. Kimo kinachoandikwa kwenye lebo mara nyingi ni cha baada ya miaka 10. Mwaka wa 11 je? Tangu lini mti ukasoma lebo?

Matokeo yake tunayaona mitaani. Mtu ananunua 'Crimson Queen', aina inayotanuka kuliko inavyorefuka, anaupanda chini ya dirisha. Miaka inapita, matawi yanaziba njia. Anachukua mkasi na kuunyoa mviringo kama kichwa cha mwanafunzi wa bweni. Jamani! Yale matawi yanayoinama ndiyo aliyoyalipia, na ndiyo hayohayo anayoyatupa kwenye pipa la taka.

Wengine hupogoa wakati wa machipuko, utomvu ukachuruzika. Kazi hiyo hufanywa mti ukiwa umelala, Novemba hadi Februari. Wengine huuweka kwenye upepo mkavu na jua kali la mchana, kisha hushangaa majani yakiungua kingo. Na mingi ni miche ya kubebesha, kama miembe yetu. Usipoondoa machipukizi yanayotoka chini ya kiungo, shina la chini litaumeza mti ulioununua. Nani huambiwa hayo dukani?

Najua mtasema: ni mti tu, na pesa ni yangu. Sawa. Lakini kuna mtu aliyeubebesha na kuulea miaka kadhaa kitaluni kabla haujafika kwako. Kochi likikuchosha utampa jirani. Mti uliokwisha kushika mizizi hauhamishwi hivyo.

Kwa hiyo wauzaji waandike kimo cha miaka 10 na cha miaka 30, vyote viwili. Nasi wanunuzi tuulize upana kabla ya bei. Kama nafasi ni finyu kweli, panda kwenye chungu chenye matundu, mwagilia, na badilisha udongo kila baada ya miaka michache. Kama hata hilo ni kazi, nunua kinyago.

Nawasilisha. Mnaobisha, karibuni.