Hongera haisahihishi mswada

Mwaka 1956 Chinua Achebe alikuwa London kwa mafunzo ya utangazaji BBC. Alimpa mswada wake wa kwanza wa riwaya mmoja wa wakufunzi, Gilbert Phelps, ambaye naye alikuwa mwandishi. Phelps aliupenda, akataka kuuonyesha kwa wachapishaji. Achebe alimwomba asubiri. Mswada ule ulisimulia habari za vizazi vitatu, na yeye aliona bado haujaiva. Aliporudi Nigeria akaondoa sehemu ya pili na ya tatu, akabaki na kisa cha mkulima mmoja wa viazi vikuu. Riwaya ilitoka mwaka 1958, na mwaka 1973 wasomaji wa Kiswahili wakaipata kwa jina la Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Clement Ndulute.

Waandishi chipukizi wangapi leo, wakisifiwa na mtu mzito kiasi hicho, wangeomba muda wa kwenda kukata theluthi mbili za kazi yao?

Vipaji vipo Afrika Mashariki, na wanaoandika ni wengi. Kinachokosekana ni msomaji wa kati, yule anayeusoma mswada kabla haujafika kwa mchapishaji au kwa waamuzi wa tuzo, akasema bila kumung'unya maneno: ukurasa wa arobaini nilichoka, na huyu shangazi sikumwamini hata kidogo. Mwandishi hutuma sura ya kwanza kwenye kundi la WhatsApp la ndugu na marafiki, zikarudi hongera, makofi na maombi ya sura ya pili. Hongera hizo zinatoka moyoni na zinampa mtu nguvu ya kuendelea. Lakini hazimwonyeshi hata sentensi moja ya kurekebisha, na anayezitegemea peke yake hufika kwa mhariri akiwa hajawahi kuulizwa swali gumu.

Si kwamba jamii hii haijui kukosoa. Watunzi wa tenzi wa pwani walikuwa na desturi ya kufunga utungo kwa kumwomba msomaji arekebishe alipoona kasoro. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji wake, na katika malumbano ya ushairi wa Kiswahili ubeti umekuwa ukijibiwa kwa ubeti, hadharani. Mtunzi aliyeteleza kwenye vina au mizani alijua kwamba kuna macho yanayomtazama. Waandishi wa hadithi na riwaya hawakujijengea uwanja wa namna hiyo.

Mfano mkubwa kuliko yote katika ukanda huu ni wa Kamĩrĩthũ, kijiji kilicho karibu na Limuru nchini Kenya. Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa mhadhiri wa fasihi Chuo Kikuu cha Nairobi, na riwaya zake zilikuwa zikisomwa mbali na kwao. Yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika rasimu ya tamthilia kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, kisha wakaiweka mbele ya wanakijiji. Kwa muda wa miezi miwili hivi, wakulima na vibarua waliichambua. Walibishana kuhusu lugha: mzee wa umri huu hawezi kusema hivi, mfanyakazi wa kazi ile haongei namna hii. Mfanyakazi wa kiwanda cha viatu alikaa chini akawapigia wasomi hesabu ya jasho lake, ni kiasi gani anachozalisha na ni kiasi gani kinachorudi mfukoni mwake, kwa sababu wao hawakuwahi kufanya kazi kiwandani. Mama mmoja asiyejua kusoma wala kuandika ndiye aliyewaimlia sehemu ya gĩtiiro, ngoma ya nyimbo za kujibizana, neno kwa neno.

Mazoezi nayo yalifanyika hadharani, na mpita njia alikuwa na ruhusa ya kusimama akasema wanakosea. Tamthilia ilianza kuonyeshwa Oktoba 1977, na serikali ikaipiga marufuku mwezi uliofuata. Desemba 31 Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa na kuwekwa kizuizini. Maneno yaliyosahihishwa na wenye mambo yao yaliwagusa watu kiasi hicho.

Kamĩrĩthũ inaonyesha kwamba mtoa maoni bora si lazima awe profesa wa fasihi. Anayeandika kuhusu wavuvi wa Kilwa amsomee mvuvi. Anayeandika kuhusu wodi ya wazazi amtafute muuguzi wa zamu ya usiku. Kosa la namna wavu unavyotegwa huiangusha hadithi nzima mbele ya wanaojua, na mhariri aliyezaliwa Dodoma anaweza asilione kabisa.

Namna ya kuuliza nayo ina uzito wake. "Umeionaje?" ni swali linaloomba adabu, na adabu ndiyo itakayojibu. Afadhali mwandishi aulize mambo ambayo mtu anaweza kuyajibu bila kuvunja urafiki: uliacha kusoma wapi? Nani ulimsahau? Ulidhani nini kitatokea? Kisha anyamaze, asijitetee, aandike majibu yote. Msomaji ni kama mgonjwa, anajua panapomuuma kuliko daktari yeyote, ila kuandika dawa si kazi yake. Wasomaji watatu wakichokea ukurasa uleule, ukurasa huo una tatizo, hata kama kila mmoja amependekeza tiba tofauti na zote tatu hazifai.

Upo pia mkono unaozidi. Mwaka 1981 nchini Marekani, Raymond Carver alitoa mkusanyo wa hadithi ambao mhariri wake, Gordon Lish, alikuwa ameukata zaidi ya nusu na kubadilisha hata miisho. Carver alikuwa amemwandikia barua ndefu ya kumsihi asimamishe uchapishaji. Kitabu kilitoka vilevile, kikasifiwa sana, na hadithi kama alivyoziandika yeye zilichapishwa mwaka 2009, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake. Sifa zile hazifuti ukweli kwamba neno la mwisho lilimponyoka mwenye kazi. Achebe alikata mwenyewe, na tofauti hiyo ni kubwa.

Wenye uwezo wa kuanza kuziba pengo la msomaji wa kati wapo. Tuzo ya Safal ya Fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, hukusanya wasomaji makini na kuwapa miswada mipya waisome. Waamuzi wanaposoma huandika vidokezo vyao, na kwa aliyekosa tuzo vidokezo hivyo vinaweza kuwa na thamani kuliko cheti cha ushiriki. Aya mbili kwa kila mswada uliofika hatua ya mchujo wa mwisho, zikisema kazi ilisimama wapi na ilianguka wapi, zingetosha kumrudisha mwandishi mezani akiwa na la kufanya. Gharama yake ni muda wa waamuzi, na muda huo ulipwe katika bajeti ya tuzo kama zinavyolipwa gharama za ukumbi.