Tuhesabu kwanza, ndipo shamba liuzwe



Sisi wa darasa la sita tuko karibu na Egzame ya Leta. Kila jioni, kando ya uwanja wa mpira, habari ni moja tu: nani ataenda iniversite, na atasoma nini. Zamani wengi walisema udaktari ao sheria. Siku hizi wanasemaka: «Mimi nitakuwa injenieri wa ordinateri.» Neno ni tamu. Lakini juma lililopita mwenzetu mmoja alitoka nyumbani na kutuambia kwamba baba yake anataka kuuza shamba la maharagi juu ya masomo hayo. Wote tukanyamaza. Shamba likiisha kuuzwa, wadogo zake watano watakula nini? Ndiyo sababu tunaandika.

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Basi tufungue daftari. Bei tunazotia hapa ni za mfano tu, si za shule fulani; kila mtu aulize na kuweka zake. Tuseme minervali ni dola 400 kwa mwaka. Kwa miaka 3 ni dola 1.200. Chumba na chakula huko Goma, dola 60 kwa mwezi, miezi 10 kila mwaka: dola 1.800. Ordinateri iliyokwisha kutumiwa: dola 250. Usafiri na intaneti, dola 10 kwa mwezi: dola 300. Jumla ni dola 3.550.

Tena kuna jambo ambalo wengi wanasahauka: kijana aliye masomoni hapati feza. Kama angefanya biashara ndogo ya dola 40 kwa mwezi, kwa miaka 3 angepata dola 1.440. Basi masomo yamekula dola 4.990.

Sasa tuangalie faida. Akipata kazi ya dola 200 kwa mwezi, anamzidi yule wa biashara kwa dola 160. Atatumika karibu miezi 31, ni kusema zaidi ya miaka miwili na nusu, mpaka ile feza irudi yote. Na kama anarudi nyumbani na diploma mkononi, kisha anafanya biashara ile ile ya dola 40, shamba limekwenda bure.

Kuna mtego pia katika jina. Zamani graduat ilikuwa miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, iniversite za nchi yetu zimeanza mfumo mpya: lisansi ni miaka 3, na masta ni miaka 2. Muzee akisikia «lisansi» anafikiri ni ile miaka 5 ya zamani. Wazazi waelezwe vizuri kabla hawajatoa feza.

Je, tunasema watu wasiende? Hapana! Nchi inahitaji watu hao. Tuangalie mlima wetu. Nyiragongo ulitapika moto tarehe 17 Januari 2002, tena tarehe 22 Mei 2021. Goma kuna kituo cha kuchunguza volkano, OVG. Vyombo vyake vinasikia mitetemeko ya udongo na kutuma habari mpaka ofisini. Lakini kabla ya mlipuko wa 2021 kituo kilikaa miezi mingi bila feza ya intaneti, na habari za vyombo vya mbali hazikufika. Hapo tunajifunza kwamba mashini peke yake haiokoi mtu. Inahitaji feza, na inahitaji mtu mwenye akili ya kutafuta njia ya pili wakati njia ya kwanza imekatika.

Tena mwisho wa Januari 2025, vita ilipofika Goma, mabanki yalifunga milango. Watu wengi walibaki na tumaini la feza ya simu tu. Nyuma ya simu hiyo kuna mainjenieri. Na madada zetu wasikie: mwaka 2013, huko Kinshasa, watu waliona roboti kubwa zikisimama barabarani na kuongoza magari. Aliyeongoza kazi hiyo ni mama, injenieri Thérèse Izay Kirongozi.

Kwa hiyo sisi tunaona hivi. Kwanza, asiyependa mahesabu asijidanganye. Ordinateri si sinema. Ndani yake mna hesabu na fizika. Pili, mtu ajaribu mikono yake mbele ya kulipa. Akae miezi michache kwa fundi wa simu na ordinateri, aone kama kazi inamuingia. Tatu, inafaa kumaliza miaka 3, kutafuta kazi, kisha kurudilia masta kwa feza yake mwenyewe. Nne, shamba linalolisha nyumba lisiuzwe lote kwa ajili ya mtoto mmoja.

Tena tusichague shule juu ya rangi ya ukuta. Goma kuna ULPGL ya Waprotestanti, kuna UNIGOM, kuna ISIG, kuna ISTA. Mtu afike mwenyewe na kuuliza: ordinateri za mazoezi ni ngapi, na wanafunzi ni wangapi? Umeme ukikatika wanafanya nini? Waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi leo? Shule nzuri haitakasirika kwa maulizo hayo. Kama wanakasirika, umekwisha kupata jibu.

Mwenzetu alipeleka mahesabu haya kwa baba yake siku ya Jumapili. Muzee alisoma polepole, akakunja karatasi, akauliza neno moja tu: «Na wewe, katika hesabu za darasani uko na ngapi kwa mia?» Mwenzetu hajatuambia alijibu nini. Lakini toka siku ile tunamuona kila usiku na kitabu cha hesabu, na shamba halijauzwa bado.

Anayeona tofauti na sisi atuandikie. Nafasi iko.

Sisi wa darasa la sita