Matembezi Peke Yake Hayamtoi Mtoto Simuni

Siku hizi mzazi akilalamika kuwa mwanawe habanduki penye simu, jawabu atakalopewa ni moja tu: mtoe huyo mtoto, mpeleke matembezini. Mpeleke penye pembea, penye mabwawa na mitelezo ya maji, akacheze asahau. Ushauri huu si mbaya, lakini mimi naona umeshika mkia wa jambo ukaacha kichwa. Na walionionyesha hayo si wataalamu wa Ulaya, ni watu wa Nyanchwa, huko bara kwa Wakisii, nilikokwenda kwa ajili ya arusi nikakaa siku nne.

Nyanchwa, kwa msomaji asiyepajua, ni kilima kilichouinamia mji wa Kisii. Waadventista Wasabato wana misheni yao hapo tangu kabla ya vita vya 1914, na shule zimeota ubavuni mwake. Ndugu hawa huishika sana Jumamosi. Tangu jua kuchwa Ijumaa mpaka kuchwa tena Jumamosi, hapana duka, hapana shamba, hapana hesabu ya fedha. (Sisi Waislamu si wageni wa hesabu hiyo ya jua, maana siku yetu nayo huanza magharibi.)

Jumamosi ile, baada ya ibada na chakula, niliona watu wakitoka jamaa kwa jamaa, baba na mama na watoto, wakitembea kwa miguu katika njia za kilimani bila ya haraka na bila ya mahali maalumu waendapo. Mtoto mmoja aliusimamisha ukoo mzima, bibi na babu wakiwamo, kwa ajili ya jongoo. Wakasimama wote, wakamtazama jongoo mpaka akavuka njia. Hapana aliyelipa kiingilio.

Mwenyeji wangu alikuwa mwalimu mstaafu. Nikamwuliza, "Mwalimu, simu za watoto ziko wapi?"

"Ziko pamoja na za wakubwa, mzee wangu," akanijibu. "Na televisheni imelala tangu jana jua lilipotua." Kisha akaongeza, kwa uungwana wake, kuwa si nyumba zote zifanyazo hivyo, na kwamba siku hizi wako wengi wanaosoma hata nyimbo za kanisa katika simu.

Kesho yake, Jumapili, tukateremka mjini, tukaingia katika bustani moja yenye pembea na lile jumba la mpira lililojazwa upepo ambalo watoto huruka ndani yake. Hapo palilipwa kiingilio, na soda, na chipsi, na zamu ya kuruka ikalipiwa mbali. Watoto walifurahi, sisemi uongo. Lakini wazazi! Karibu kila mmoja alikuwa ameinua simu mbele ya uso wake. Nilimsikia baba mmoja akimwita mwanawe aliyekwisha kuteremka, "Rudi uruke tena, hukutokea vizuri." Mtoto akaruka kwa amri. Aliposhuka hakwenda tena kwa wenziwe. Alikwenda moja kwa moja kwa babake, akanyosha mkono apewe simu ajitazame. Basi nikauliza moyoni, ni nani hapa aliyetolewa simuni?

Mji ni huo huo mmoja, na siku zimefuatana. Siku isiyokuwa na pembea ndiyo iliyompa mtoto wazazi wake.

Tusidanganyane kwamba zamani tulikuwa na busara kupita watu wa leo. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa miaka mingi ilikuwa stesheni moja ya serikali, ikifunguliwa jioni na kufungwa usiku. Ya pili, KTN, ilikuja 1990. Wimbo wa taifa ukipigwa, kioo kilikwisha, utake usitake. Wazazi wetu hawakuhitaji kutuzuia, maana kilijifunga chenyewe. Simu haijifungi. Haina wimbo wa taifa. Ikimaliza katuni moja huleta ya pili kabla mtoto hajapepesa jicho. Kwa hiyo kazi iliyokuwa ya mitambo ya Nairobi imeangukia mikononi mwa mama na baba, na wao wenyewe wamo humo humo ndani ya kioo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku mbele ya kioo, na aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe kabisa. Ni sawa, lakini saa hiyo moja ataihesabu nani?

Nyanchwa jua ndilo linalohesabu. Nasi huku Pwani? Ijumaa yetu si Sabato. Tumeamrishwa tuache biashara wito wa sala unapotolewa, na sala ikiisha tumeruhusiwa kutawanyika tukatafute riziki. Hatuwezi kuazima Jumamosi ya watu tukaivaa kama kanzu.

Hata hivyo tulikuwa na nafasi zetu. Tulipokuwa wanafunzi wa chuo, mwalimu akitufungulia Alhamisi, Ijumaa ilikuwa yetu. Leo mtoto wa Mombasa au Malindi yuko skuli Jumatatu hadi Ijumaa, na madrasa nyingi zimehamia Jumamosi na Jumapili. Hana siku tupu hata moja. Saa zake tupu ni za usiku, na usiku huo ndio anaotiwa simu mkononi ili wakubwa wapumue. Halafu ikija Idi twampeleka Makadara au Mama Ngina, twamjaza pembea na madafu, tukidhani tumelipa deni la miezi yote iliyopita.

Mimi ninalopendekeza ni dogo. Kati ya magharibi na isha, simu zote za nyumbani, ya baba ikiwa ya kwanza, ziwekwe ndani ya kikapu kimoja. Wakati huo zamani ulikuwa wa kudurusu na wa hadithi, si jambo geni. Na madrasa zetu zifikiri upya kumwachia mtoto walau alasiri moja ya juma.

Najua atakayenipinga ni nani. Ni mama anayekaanga mahamri na viazi, ambaye wateja wake humpigia simu saa hizo hizo za magharibi na kumlipa kwa M-Pesa. Kwake kikapu ni hasara ya kila siku, wala siwezi kumwambia aiweke simu yake humo. Namwomba tu iwe ya kazi, ikae jikoni pamoja naye, na mtoto naye akae jikoni hapo hapo amhesabie mahamri.