Likasi: Mzee mwenye AVC asiachwe kwenye godoro

Katika mji wa Likasi, tangu Kikula hadi Panda na Shituru, neno moja linarudi kila mara mzee anapopatwa na AVC, yaani kiharusi: «Ni uzee, tumuachie Mungu.» Mgonjwa analazwa, analishwa bukari akiwa amelala chali, na familia inangoja. Kungoja huko ndiko kunakowaharibu wazee wengi.

AVC si uzee, na si kulogwa. Ni mshipa wa damu ulioziba au kupasuka ndani ya ubongo, na mara nyingi chanzo ni tansio ambayo haikupimwa kwa miaka. Sehemu iliyokufa haifufuki, lakini sehemu zingine zinaweza kujifunza kazi yake, kama mwili ukifanyishwa mazoezi. Uchunguzi wa Copenhagen, uliotangazwa mwaka wa 1995, ulionyesha kwamba karibu wagonjwa 95 kwa 100 walifikia kilele cha kupona kwao ndani ya wiki 13 hivi. Ni wiki hizo hizo ambazo hapa zinapita kwenye godoro, au katika chumba cha maombi. Kuomba si vibaya. Mtu anaweza kuombewa huku amekaa kwenye kiti.

Ni kweli, mzee wa miaka 75 hapati nafuu kama mtu wa miaka 50. Lakini kwake yeye, kutoka kitandani na kufika chooni bila kubebwa ni heshima nzima.

Na wazee hao ni nani? Wengi ni watu wa Gécamines. Wafanyakazi zaidi ya 10.000 waliacha kazi katika mpango wa «départ volontaire» wa mwaka wa 2003. Aliyekuwa na miaka 50 wakati ule, leo amepita 70, na munganga analipwa kwa pesa za watoto, kama wanazo.

Kwa familia za wahami hali ni nzito zaidi. Mzee aliyekimbia Mitwaba na kulala chini kwenye mkeka ana kazi mara mbili: kuinuka toka sakafuni ni kugumu kuliko kuinuka toka kitini. Kiti kimoja cha mbao kinaweza kumsaidia kuliko chupa tatu za vitamini.

Kuna wanaosema familia inatosha. Hapana. Huko India, wagonjwa 1.250 walifuatiliwa, nusu yao jamaa zao wakifundishwa mazoezi ya nyumbani. Matokeo ya 2017: baada ya miezi sita, 47 kwa 100 walikuwa wamekufa au wanategemea wengine, pande zote mbili sawa. Upendo wa binti hauwezi kuchukua nafasi ya kinezi.

Serikali ilianzisha matibabu kwa wote mwaka wa 2023, ikaanza na uzazi wa bure. Vema. Sasa ifikirie kinezi mmoja kwa kila komini ya Likasi, kwa bei ambayo mstaafu na muhami wanaiweza, na tansio ipimwe bure katika vituo vya afya.

Wakati huo huo, nyumbani: mgonjwa akae wima anapokula, ageuzwe kila saa mbili, na mkono uliopooza usivutwe kamwe wakati wa kumwinua, maana bega linateguka, na maumivu yake yanamfanya akatae mazoezi yote.